Sahani za Maalim Kwenye Televisheni

Televisheni ilikuwa yangu, kwa hiyo lawama zilianzia kwangu. Ningekataa kuitoa chumbani Jumapili ile, Maalim Hija angeendelea kuishi bila kujua jambo ambalo nyumba nzima ililijua, na pengine nusu ya Tandale: kwamba mkono wake hauandiki tena.

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya Maalim, chumba cha mbele kulia, na cherehani yangu inakaa kibarazani. Watu wananiita Mama Lusungu. Nimetokea Njombe, ni Mlutheri, na kabla sijahamia hapa sikuwahi kusikia habari za kombe. Sasa nimeona watu wengi mno wakilifuata hapa, naweza kulieleza usingizini. Mgonjwa anakuja, au mama yake, anaamkia, anasema kinachomsumbua. Maalim anachukua sahani nyeupe, anachovya kalamu ya mwanzi kwenye zafarani iliyolowekwa katika maji ya waridi, anaandika aya juu ya sahani huku anazisoma kwa sauti. Maandishi yakikauka, mgonjwa anayaosha kwa maji na kuyanywa. Wapo wanaosema mambo hayo ni bidaa, uzushi katika dini, na wapo wasioanza hata safari ya Morogoro bila sahani. Mimi nashona nguo za watu, sijaulizwa.

Nilipohamia, sahani zake zilikuwa za kutazamwa. Sijui herufi hata moja ya Kiarabu, lakini nilikuwa naacha kukanyaga cherehani ili nione tu mistari ile ikijipanga kutoka ukingo hadi katikati. Halafu kiharusi kikampiga. Mungu ni mwema, mdomo ulirudi mahali pake na miguu ikatembea, ila mkono wa kulia ulibaki na mtetemo, na macho nayo yakaingia ukungu. Alipoanza tena kuandika, kilichotoka hakikuwa kile tulichokizoea. Mistari ilipandana, zafarani ikavuja mpaka pembeni.

Bi Mwanaasha, binti yake mkubwa anayemtunza, alisomeshwa madrasa na baba yake mwenyewe, na ndiye anayewapokelea watu sahani. Siku ile ya kwanza aliitazama sahani kwa muda mrefu, akatutazama na sisi, kisha akasema, "Mashallah, baba." Kesho yake akasema hivyohivyo. Baada ya hapo nani angegeuza maneno? Wagonjwa walipokea sahani, wakashukuru, wakaosha, wakanywa. Hata mimi na Ulutheri wangu nikajifunza kusema mashallah.

Msituone wanafiki. Tuliona ni adabu. Maalim ni mtu mwenye maringo yake. Kanzu lazima ipigwe pasi hata kama haendi kokote, chai ikipoa kidogo inarudishwa jikoni, na mkusanya taka akimwita "mzee" badala ya "Maalim" hajibiwi. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba anawapaka watu manjano kwenye sahani? Tulimlinda. Kila mgeni aliyepita mlango ule alielewa bila kuelekezwa.

Asiyeelewa alikuwa Shamimu, binti mdogo. Yeye anaishi Mabibo, jirani na hosteli za wanafunzi, na kazi yake ni kuchora. Anakuja Ijumaa, anakula, anacheka na baba yake, na siku nyingine anaomba sahani moja ambayo haijaoshwa aende nayo. Tulijua anachora, hatukujua anachora nini. Mimi nilidhani ni twiga na Wamasai wale wanaouziwa watalii.

Basi siku moja akapiga simu kusema kwamba atahojiwa kwenye kipindi cha sanaa, Jumapili alasiri. Maalim alishindwa kujizuia. Aliwatangazia wagonjwa, akamtangazia muuza mkaa, akatangaza msikitini. Kisha akaja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yangu, anapapasa ukuta.

"Mama Lusungu, hiyo tivii yako kubwa. Itatufaa uwani."

"Maalim, ni yako," nikasema. Ndivyo nilivyojitia kwenye mambo.

Jumapili tukatandika mikeka uwani, tukavuta ekstensheni kupitia dirishani kwangu, televisheni ikakaa juu ya meza ya Bi Mwanaasha. Majirani walijaa. Maalim alikaa mbele kabisa kwenye kiti chake, kanzu inang'aa, kichwa amekiinamisha upande upande kama anavyofanya akisikiliza, maana kwenye kioo kile haoni zaidi ya mwanga. Nyuma yake alikaa Bi Mwanakombo anayeuza mihogo sokoni, mguu wake wenye goti bovu ameunyoosha. Na Fransis, mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi rangi wa nyumba, alijiweka karibu na kioo kama mkaguzi.

Shamimu akatokea. Alivaa mtandio wa buluu, na tulipiga makofi. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye suti inayombana, mwenye kucheka kabla hajamaliza swali. Akamsifia, akamkaribisha, kisha akasema sasa tuzione kazi zenyewe, na kamera ikaenda ukutani.

Mle ukutani hapakuwa na twiga. Palikuwa na vitambaa vikubwa vyeupe vilivyowambwa kwenye fremu, na juu yake manjano, kahawia, manjano tena, mistari inapanda na kuanguka, halafu peupe patupu.

"Anaonyesha nini?" akauliza Maalim.

"Picha, baba," akasema Bi Mwanaasha.

"Picha ya nini?"

"Ya... rangi tu. Ya manjano."

"Maalim, huo ni ukuta uliovujiwa," akasema Fransis. "Mie nikimkabidhi mwenye nyumba kazi hiyo, tunaonana serikali za mitaa."

Watu wakacheka, na Maalim akacheka pia, kicheko cha mzazi asiyetaka kuonekana hajaelewa. Nilimtazama Bi Mwanaasha. Yeye hakucheka. Alikuwa ameishika ncha ya khanga yake na ameitazama ile picha ya katikati kwa namna ileile aliyoitazama sahani ya kwanza.

Mtangazaji akaanza kusoma maoni ya watazamaji kwenye simu yake. Farhan wa Temeke alisema mwanawe wa chekechea anachora hivyo kila siku, na hajaitwa kwenye televisheni. Recho wa Sinza alisema amezitazama mpaka machozi yamemtoka na hajui kwa nini. Mwingine akauliza zinatundikwa upande upi juu. Shamimu aliyapokea yote akitabasamu, na moyo wangu ukaanza kumpenda, maana mimi ningeshagombana na yule Farhan.

Kisha kijana akasema, "Huyu hapa, Misbah wa Magomeni. Anasema: hizo mbona kama kombe la Maalim Hija wa Tandale, bibi yangu alikuwa ananipeleka utotoni. Ni kweli?"

Uwani shangwe. Bi Mwanakombo akamgonga Maalim begani, "Umetajwa, Maalim, umetajwa." Maalim akavuta kola ya kanzu.

"Ni kweli," akasema Shamimu, na uso wote ukamchangamka. "Ni sahani za baba yangu."

"Kwa hiyo haya ni maandishi? Mtu anaweza kuyasoma?"

"Zamani yalikuwa maandishi. Baba alipata kiharusi, na tangu hapo mkono wake umeachana na herufi. Hazisomeki. Dada yangu alisoma kwake na hawezi kuzisoma. Lakini kila asubuhi anaandika, na mimi..."

Bi Mwanaasha alikuwa ameshainuka. Alichukua rimoti, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Rimoti ile ina betri za kubembeleza na mpira wa kuzishikilia, mimi tu ndiye ninayejua pa kubana, na nilikuwa nimekaa kama mti. Akaitupa. Akaenda kusimama mbele ya televisheni na kuifunika kwa khanga yake, utadhani sauti nayo inazuiwa kwa nguo.

Sauti ya kijana ikaendelea nyuma ya khanga, anacheka. "Na huyu hajataja jina, yuko Manzese. Anauliza: sasa sie tulikuwa tunakunywa nini?"

Maalim alinyanyuka. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alisimama akiwa ameelekea kwenye kioo asichokiona, mkono wa kulia unatetemeka pembeni ya kanzu, akaushika kwa wa kushoto ili utulie. Kisha akageuka na kupapasa mpaka mlangoni, akaingia ndani, tukasikia pazia la chumba chake likivutwa. Huzuni niliyoiona usoni kwake sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai na mwenye afya.

Watu waliondoka mmoja mmoja, viatu mkononi. Hata Fransis alikunja mkeka bila neno. Bi Mwanaasha alikimbilia koridoni na simu. Nilibaki mimi uwani kwa sababu televisheni ni yangu na sikuwa na wa kunisaidia kuibeba, na kipindi hakikuwa kimeisha. Niliyasikia maneno ya mwisho ya Shamimu peke yangu, nimekaa kwenye kiti cha Maalim.

Huku koridoni dada mtu alikuwa anamngoja atoke hewani. Alipompata hakusalimia.

"Umemvua nguo baba, Shamimu. Mbele ya nchi nzima."

Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila kitu. "Nimefanyaje? Dada, nimefanyaje?"

"Umesema hazisomeki."

"Kwani si kweli kwamba hazisomeki?" akauliza Shamimu. "Dada. Ina maana hajui? Si yeye mwenyewe anayeandika? Nilidhani anajua. Hamjamwambia?"

Bi Mwanaasha alikata simu. Akanikuta nimesimama na televisheni mikononi, akashika upande wa pili, tukaiingiza chumbani kwangu.

Asubuhi yake nilitoa cherehani kibarazani mapema. Kwa kawaida saa hizo ukumbini kunakuwa na kina mama wawili watatu wamekaa chini, watoto mgongoni. Hapakuwa na mtu. Mwanamke mmoja alifika mpaka kwa muuza mkaa na mtoto begani, akatazama mlango wetu, akanunua mkaa ambao nadhani hakuuhitaji, akarudi alikotoka. Nilimwona na nikamchukia, na bado nisingeweza kumlaumu.

Maalim alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake ukumbini, amevaa. Mlango ulikuwa wazi na nilimwona vizuri kutoka pale nilipo.

"Mwanaasha. Sahani."

"Baba, leo pumzika. Hakuna mtu."

"Nimesema sahani."

Akaletewa. Akachovya kalamu, akaandika huku anasoma, polepole kuliko siku zote. Alipomaliza akainyanyua sahani, akamnyooshea binti yake.

"Soma."

"Mashallah, baba. Im..."

"Sikukwambia usifu. Soma."

Bi Mwanaasha aliishika ile sahani. Midomo yake ilitafuta pa kuanzia, ikakosa, ikatafuta tena. Kisha machozi yakamtoka, yakadondokea kwenye zafarani. Maalim alisubiri mpaka kukawa hakuna cha kusubiri.

"Mama Lusungu," akaita. "Njoo."

Niliacha gauni la mtu chini ya sindano.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Wewe Kiarabu unakijua?"

"Sikijui, Maalim."

"Hata herufi moja?"

"Hata moja."

"Vizuri. Basi wewe huna cha kuniongopea. Shika hiyo sahani uniambie unaona nini."

Nikaishika. Jana yake tu nilikuwa nimezicheka sahani kama ile kwenye televisheni, na leo nimewekwa kizimbani nizieleze. Nilitamani kusema mashallah nirudi kwenye gauni langu. Lakini uso wa yule mzee ulikuwa umenielekea, na niliona kwamba nikimdanganya leo sitaweza tena kukaa kwenye nyumba ile.

"Hapa juu kuna mstari," nikasema. "Umeanza mnene, umesimama. Halafu unatetemeka, kama uzi cherehani ikiwa mbovu. Unashuka. Hapa umekutana na mwenzake wamechanganyika, pamekuwa dimbwi. Huku katikati hakuna kitu, ni peupe. Pembeni huku chini kuna nukta tatu."

"Nukta tatu."

"Ndiyo."

"Hizo zilitakiwa ziwe juu," akasema Maalim.

Nikaona nimalize nilichoanza. "Si mbaya kuitazama, Maalim. Lakini kama unaniuliza mimi, si maandishi."

Hayo maneno hayakuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Aliyapokea bila kutikisika. Akaipapasa kalamu, akaifuta kwa kitambaa chake taratibu, akaiweka mfukoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipopona," akasema Bi Mwanaasha.

"Na nyote mlijua."

"Sote, baba."

"Hata Fransis?"

"Hata Fransis."

Nadhani hilo la Fransis lilimuuma kuliko yote.

Ni hapo Shamimu alipofika. Alikuwa na mtandio uleule wa jana na macho yamevimba, na kwapani amebeba moja ya picha zake, imefungwa kwa khanga. Bi Mwanaasha alimwahi mlangoni na kuuziba kwa mwili wake.

"Umekuja kufanya nini? Umeona hakujabaki kitu cha kutangaza, umefuata kingine?"

"Dada, niache nimwombe baba radhi."

"Mwache apite," akasema Maalim. "Huyo angalau amesema."

"Amesema kwa watu baki, baba."

"Amesema."

Shamimu akapiga magoti mbele ya mkeka. Nilidhani Maalim atamshika kichwa, kama nilivyozoea kumwona akifanya siku za Ijumaa. Hakumshika.

"Na wewe," akamwambia. "Ijumaa ngapi umekuja umekula humu ndani. Ulishindwa kuniambia mimi, ukamwambia yule kijana?"

"Nilidhani unajua, baba. Nilidhani unajua na huoni tabu, ndiyo maana unaendelea."

"Nilikuwa sijui."

"Nimejua jana kwamba hujui."

"Umekusanya kushindwa kwangu, ukatundika ukutani. Watu wanakuja kutazama jinsi Hija alivyoshindwa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitisha. "Kazi ya maisha yangu, mwanangu. Nilijifunza nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe nilipokutahini wewe... " Akapotea katika sentensi yake, akaiacha. "Basi. Nenda."

Shamimu alibaki pale chini analia bila sauti, mkono juu ya ile picha. Nikaona watu watatu wa damu moja wanaachana mbele ya macho yangu kwa maneno nusu, na nusu nyingine ninayo mimi.

"Maalim," nikasema, "samahani naingilia. Jana ulipoingia ndani, kipindi kilikuwa hakijaisha. Mie nilibaki."

"Kulikuwa na nini kingine cha kusikia?"

"Yule kijana alimuuliza, kwa hiyo wewe unachora sahani za mzee? Akasema hapana. Akasema, alipokuwa mdogo alikuwa analala nyuma ya pazia lile pale. Asubuhi sahani alikuwa hazioni, anakusikia tu unasoma. Sauti inapanda, inashuka, unavuta pumzi, unaanza tena. Akasema akishika brashi anaifuata sauti hiyo. Na mkono wako ulipoacha herufi, akaona mkono nao umebaki unafuata sauti, kama yeye. Ndipo akaanza kuziomba sahani." Nilihisi joto usoni kwa kusema maneno mengi kiasi kile. "Picha zenyewe, Maalim, mie sizielewi mpaka leo. Ila hilo nililielewa."

Maalim aligeuza kichwa kuelekea lile pazia, ambalo kwake yeye ni kivuli tu.

"Ulikuwa unasikia?" akamuuliza Shamimu.

"Kila siku, baba. Nikijifanya nimelala."

Aliishika ile kanzu mahali palipo na kalamu. Kisha akasema, kwa ukali wake wa kawaida, ule wa chai iliyopoa: "Na sauti nayo imeharibika? Semeni sasa hivi, nisije nikaisikia na hiyo kwenye televisheni."

"Hapana, baba," akasema Bi Mwanaasha.

"Wallahi?"

"Wallahi. Sauti ni ileile."

"Basi nyie watu mna akili gani?" Akapiga mkeka kwa kiganja. "Si mngeniambia nisomee maji? Mwalimu wangu akiishiwa zafarani alikuwa anasomea maji, anampa mtu bilauri, mtu anakunywa anakwenda zake. Mdomo ninao. Maji yamejaa kwenye ndoo hapo uwani. Mngeniambia siku ile ya kwanza, siku ya pili ningekuwa nasomea maji, na hakuna Manzese wala Magomeni ambaye angeuliza amekunywa nini."

"Tuliona utaumia, baba."

"Nimeumia. Ningeumia wakati ule, sasa hivi ningekuwa nimeshapoa."

Bi Mwanaasha alikaa chini palepale mlangoni, kama mtu aliyebeba ndoo umbali mrefu na kuambiwa bomba lilikuwa nyuma ya nyumba. Nilimwonea huruma. Kila asubuhi tangu kiharusi alikuwa ameusema uongo ule kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya kweli.

Mlangoni nikasikia mtu anaguna. Alikuwa Bi Mwanakombo, anajivuta na goti lake.

"Hodi humu. Nimekuja, Maalim."

"Mwanakombo, wewe jana hukuona televisheni?"

"Nilikaa hapo uwani kwenye mkeka wako, si nilikugonga bega."

"Na bado umekuja."

"Goti halitazami televisheni, Maalim."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na Shamimu pale chini akacheka na machozi yake. Maalim hakucheka ila alijiweka sawa kwenye mkeka, akaivuta kola.

"Sahani hakuna tena," akasema. "Kuanzia leo nasomea maji. Ukitaka."

"Wewe soma tu."

Shamimu ndiye aliyekwenda kuleta bilauri ya maji. Maalim akaishika kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukiutuliza wa kulia, akaisogeza karibu na midomo, akaanza. Nimeishi miaka kadhaa kwenye nyumba ile na sikuwahi kumsikiliza. Siku zote nilikuwa naangalia sahani, na sauti ilikuwa kelele ya asubuhi, kama cherehani yangu. Sasa hapakuwa na cha kuangalia. Sauti ilipanda, ikashuka, ikavuta pumzi, ikaanza tena. Shamimu alikuwa amefumba macho na ameegemea lile pazia. Maalim alimaliza, akapuliza juu ya maji.

"Mashallah, baba," akasema Bi Mwanaasha kutoka mlangoni.

Bi Mwanakombo alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea. Maalim hakumpa.

"Umesikiliza," akamuuliza binti yake, "au umezoea?"

Bi Mwanaasha alitazama sakafu. Alinitazama mimi, na mimi sikuwa na msaada wowote, maana haya yalikuwa ya Kiarabu kweli. Akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, kisha akaishusha.

"Umeruka mahali, baba," akasema. "Pale katikati."

Mkono wa Bi Mwanakombo ulibaki hewani.

"Wapi?"

Bi Mwanaasha akayasema maneno yaliyorukwa, machache, kwa sauti inayotetemeka kama mkono wa baba yake. Maalim alimsikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyowasikiliza watoto wa madrasa enzi zake.

"Kweli," akasema.

Akairudisha bilauri karibu na midomo yake, akaanza upya tangu mwanzo.